Dada wa Mombasa anauliza: St Ives na Zennor kwa miguu, twende au tubaki mjini?

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia, nafupisha: mwisho wa Mei anakuja Uingereza wiki mbili, yeye na mumewe na kijana wao wa miaka 11, kumtembelea mdogo wake anayekaa Bristol. Huyo mdogo wake amewapangia siku tatu za Cornwall, ule mkoa wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, na siku moja ni ya kutembea juu ya majabali ya pwani toka mji wa St Ives mpaka kijiji cha Zennor, "kilomita kumi tu". Dada ameshapanda mlima Longonot kule Kenya mara mbili akazunguka mdomo wote wa kreta. Shida ni kwamba anaogopa ukingo, akichungulia chini magoti yanalegea, viatu alivyonavyo ni raba, kawaida yake ni baibui, na mtoto ni wa wale wasiotulia. Anauliza, niende au nibaki mjini nile aiskrimu nikiwasubiri?

Uende dada. Aiskrimu utaila jioni. Ila kuna vitu nataka mbadilishe kwenye huo mpango kabla hamjafunga mabegi, na cha kwanza ni hiki: msianzie St Ives, anzieni Zennor mrudi St Ives. Sababu nitakupa, ila kwanza tuongee hiyo "kilomita kumi tu".

Mimi ni mtu wa Marangu, nimebeba mizigo na baadae nikaongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka tisa, na sasa ni mwaka wa saba naongoza vikundi vya watembeaji huku Cornwall, na nakwambia hilo neno "tu" likikaa nyuma ya kilomita ndo linaleta taabu nyingi ninazokutana nazo njiani. Hiki kipande mtu mzima mwenye afya anatumia masaa manne mpaka matano. Nyie na mtoto na picha na kukaa kula wekeni sita. Kule Longonot unapanda, unazunguka, unashuka, mwili unaelewa umeitiwa kazi gani. Huku ni vyote kila baada ya dakika kumi, unashuka kwenye kijito, unapanda, unakanyaga mawe makubwa kama meza, unaingia tope, unatoka tope unakuta mawe tena ila sasa viatu vina utelezi, afu unashuka kijito kingine. Hakuna mahali pa kuchanganya mguu ukaenda. Watu wanapita dakika ishirini wanaangalia miguu yao tu, wakiinua kichwa wanakuta ile rasi waliyoiona mbele bado iko palepale.

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini njia imekaa hivyo na mimi naipenda. Zamani watu wa Cornwall walikuwa mafundi wa magendo, mvinyo na chai na tumbaku vinashushwa usiku kwenye vihori, yani vighuba vidogo chini ya majabali, sasa serikali ikaweka walinzi wa pwani watembee kwa miguu kila siku, na mlinzi anayesaka magendo hawezi kukata kona, lazima achungulie kila kihori, kwa hiyo kijia kikafuata kila kikunjo cha pwani. Ndo hicho unachokanyaga leo. Njia nzima inaitwa South West Coast Path, inaanza Minehead kule Somerset, inazunguka Devon na Cornwall, inaishia kwenye bandari ya Poole, Dorset, kilomita 1,014, na waliojumlisha vipandio vyake vyote wamepata mita elfu 35 na ushee, yani kama umepanda Kilimanjaro toka baharini mpaka Uhuru karibu mara sita. Na hapo mlima mrefu hamna hata mmoja. Kipande chenu ni kidogo sana ndani ya hiyo, ila kimo kwenye vile vinavyohesabiwa vigumu kabisa.

Na nisijifanye mjanja, mimi mwenyewe nimeingia mkenge hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza huku, mwezi wa 11, nikawachukua jamaa zangu wawili, nikasema mimi nimetoka Kilimanjaro, kilomita kumi ni kitu gani, tukatoka St Ives saa nane mchana tukiwa na chupa moja ya maji na biskuti. Jua la Novemba huku linazama saa kumi na nusu. Saa kumi tulikuwa hata nusu hatujafika, ukungu ukaingia toka baharini, kale kanjia kakapotea kwenye majani, tunamulika na tochi za simu na simu yenyewe iko asilimia 18. Tulibahatika kufika kwenye bonde la Treveal ambako kuna kijia kinapanda kwenda mashambani, tukatokea barabarani tumelowa kama panya, basi la mwisho limeshapita zamani, tukalipa teksi pesa ambayo ingetosha chakula cha wiki. Hakuna aliyeumia, ila mmoja wao mpaka leo nikimwambia twende matembezi anauliza matembezi ya wapi.

Sasa hiyo ya kuanzia Zennor. Asubuhi mnapanda basi pale St Ives, lile linalozunguka kwenda upande wa Land's End, kama dakika ishirini na kitu mko Zennor. Mkitembea kurudi St Ives mnarudi kwenye kitanda chenu, hamna kukimbizana na basi la mwisho, mkichelewa mmechelewa, na mwisho wa Mei jua linazama saa tatu na robo usiku kwa hiyo mwanga mnao wa kumwaga. Ratiba ya basi iangalieni ya siku ileile, zinabadilika msimu kwa msimu, na ukiiona 9:30 ujue ni saa tatu na nusu, usicheke, nimeshawahi kumsubiri mgeni toka Tanga aliyechanganya saa mpaka nikapiga simu hotelini. Afu kuna upepo. Upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini magharibi, ukienda St Ives unakusukuma mgongoni, ukienda Zennor unakupiga usoni masaa sita, na upepo wa usoni unachosha kuliko kilima. La tatu, sehemu mbaya zaidi kwa miguu ziko upande wa Zennor na katikati, bora uzimalize miguu ikiwa mipya. Ukikaribia St Ives njia inalainika, unaona mji, unaona mchanga mweupe wa Porthmeor, hata mtoto aliyekuwa analia anaanza kukimbia.

Na gari msiliingize St Ives. Vichochoro vyake ni kama vya Mji wa Kale, ila huku watu wanalazimisha kupitisha magari. Toka Bristol kuna treni mpaka St Erth, pale unabadilisha unapanda kitreni kidogo cha St Ives kinachopita juu ya fukwe, reli ya toka 1877, kama robo saa hivi, na kaeni upande wa kulia. Kama mdogo wako anataka kuendesha basi aliache gari hapohapo St Erth, paking ipo kubwa.

Kuhusu ukingo, hapa nataka niwe mkweli maana wengine watakwambia "hamna kitu" na wengine watakutisha. Sehemu kubwa ya hiki kipande njia haijakaa kwenye mdomo wa jabali. Kati yako na bahari kunakuwa na mteremko wa majani, vichaka, mawe, unaona maji chini lakini hauko kama umesimama dirishani ghorofa ya kumi. Longonot kwenye ule mdomo, pale panapokuwa pembamba huku kreta huku bonde, kwangu mimi panatisha zaidi. Ukishapamaliza mara mbili, hapa utapita. Ila zipo sehemu chache, labda dakika tano tano, ambapo kijia kinabana na upande wa bahari panashuka ghafla, na pale utajisikia. Dawa ninayowapa watu ni ndogo sana: angalia hatua tatu mbele, siyo miguuni na siyo chini baharini, mkono wa upande wa nchi kavu uguse jiwe au majani, na endelea kutembea pole pole hata kama moyo unadunda. Ukitaka kuangalia mandhari simama kwanza kabisa, miguu yote miwili chini, ndo uangalie. Kutembea huku unaangalia bahari ndo kunakoleta kizunguzungu, na ndo kunakovunja watu vifundo vya miguu.

Maana ukweli ni kwamba wanaoumia hapa wengi wao hawajaanguka toka juu. Ni kuteleza kwenye jiwe lenye tope, mguu unapinda, basi, na mguu uliopinda katikati ya njia ambayo haina barabara jirani ni shughuli. Vijia vya kutokea mashambani viko vichache, Treveal ndo nimeshautaja, mwingine uko karibu na Wicca, viwekeeni alama kwenye ramani mapema. Ramani pakueni kwenye simu kabla hamjatoka, netiweki huko inakuja na kupotea.

Kijana wa miaka 11 atawaacha wote nyuma, hilo jiandae. Sheria ninazowawekea watoto ni mbili tu kwa sababu tatu hawazikumbuki. Moja, mbele yake awepo mtu mzima kila wakati, na mzazi mwingine nyuma, mnatembea mstari mmoja, hakuna kupita mwenzako, na mkipishana na watu wengine nyie mnasimama upande wa nchi kavu wao wapite, hata kama wao ndo wamekosea. Mbili, hakuna kusogea ukingoni kuchungulia mpaka baba aseme, na akisema analala kifudifudi ndo anachungulia. Watoto wanaipenda sana hiyo ya kulala kifudifudi, wanaona ni komando. Mpe kazi ya kutafuta alama, njia hizi za kitaifa zina alama ya tunda la mwaloni, kama kikombe kidogo chenye kofia, imechongwa kwenye vigingi na mageti, mwambie azihesabu. Mtoto mwenye kazi hatoroki.

Hapo hapo niseme la selfi. Jabali la Cornwall limekaza kidogo, kuna graniti nyingi, halimomonyoki kama yale majabali meupe ya chaki upande wa Eastbourne ambayo mdogo wako labda ameshawapeleka kwenye picha za Instagram. Kule chaki inaanguka kiasi kwamba mwaka 1999 mnara wa taa wa Belle Tout, jengo zima la mawe, ulibidi usukumwe nyuma mita 17 usije ukaangukia baharini. Kwa hiyo hata huku kwetu kwenye jiwe gumu, majani ya ukingoni usiyaamini, chini yake panaweza kuwa patupu. Kama wewe mwenyewe unaogopa ukingo basi shukuru, hofu yako inafanya kazi yake. Mimi namuogopa zaidi mumeo, maana kina baba ndo huwa wanarudi nyuma hatua moja "ili bahari iingie yote".

Viatu. Raba hapana, samahani. Siyo kwa sababu ya urefu wa njia, ni kwa sababu ya soli, raba ya mtaani chini ni bapa na kwenye jiwe lililolowa ni kama umevaa sabuni. Sikwambii ukanunue buti za pauni mia na hamsini. Nenda Kongowea kwenye mitumba, buti za haiking zipo za maana kabisa, ila zikague hivi: kunja kiatu kwa nguvu katikati, bonyeza soli na kidole gumba pale pembeni inapoungana na ngozi, ukiona nyufa ndogo au unga unga unatoka achana nacho hata kama juu kinang'aa. Zile soli za kati zina povu la plastiki ambalo linaoza lenyewe kwa miaka hata kiatu kikikaa kabatini hakijavaliwa, afu siku unayokivaa kwa mara ya kwanza soli nzima inabanduka njiani. Nimeona mgeni anashuka toka kambi ya Horombo, Kilimanjaro, na soli imefungwa kwa kamba ya hema. Ukishanunua kivae nyumbani wiki mbili nzima, kivae sokoni, kivae ukipika, ili malengelenge yakutokee Mombasa na siyo Zennor. Soksi za sufu au za michezo pea mbili, moja miguuni moja kwenye mfuko wa plastiki maana ya kwanza italowa.

Baibui sasa. Umeuliza vizuri na watu wengi wanaona haya kuuliza. Hiyo ya kawaida ndefu mpaka chini usiivae siku hiyo, kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na dini ya mtu: upepo wa juu kule unaishika kama tanga la jahazi, na pembeni ya njia pana kichaka kimoja cha miiba wanakiita gorse kitaichana vipande, achilia mbali kwamba kwenye mawe unahitaji kuona unakoweka mguu. Nina vikundi vya kina mama wa Leicester nawapeleka kila mwaka, wao wanavaa shati refu pana linalofika magotini, suruali ya michezo chini, jaketi la mvua juu, na hijabu ile ya michezo ya kuvuta kichwani isiyo na pini. Mmejisitiri na mnapanda mawe kama mbuzi. Jinzi usivae, ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama gunia. Mwisho wa Mei mchana joto linaweza kuwa nyuzi 13 au 15, kwenu hiyo ni friji, lakini ukitembea unatoka jasho, ukisimama upepo unakugandisha, kwa hiyo nguo nyepesi tatu zinazovuliwa zinavaliwa ni bora kuliko koti moja zito la kuazima. Na jaketi la mvua kila mtu lake hata asubuhi ikiwa jua kali. Hasa ikiwa jua kali.

Hicho kichaka cha miiba nilichokisema mwezi wa tano kinakuwa na maua ya njano mlima mzima, na siku ya jua sogeza pua unuse bila kushika. Ni nazi. Harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, sitanii. Mara ya kwanza nilisimama nikaangalia nyuma nikidhani kuna mtu anapika.

Chakula bebeni toka mjini, njiani hamna kibanda wala duka. Watu wa huku watawapeleka kwenye pasty, ni kama sambusa kubwa ya kuoka, ndani nyama ya ng'ombe na viazi na kitunguu, ilikuwa chakula cha wachimba madini ya bati, na ya nyama kama unakula halali iache, chukua ya jibini au ya mboga. Ila mimi ningekuwa nyie ningesonga chapati usiku na mayai ya kuchemsha na tende, chapati inavumilia kukaliwa kwenye begi kuliko mkate wowote. Maji lita moja na nusu kila mmoja. Vijito utaviona vizuri vinang'aa, juu yake kuna ng'ombe, usinywe. Adhuhuri inaingia kama saa saba na dakika ishirini hivi, pana majani mafupi sehemu nyingi, na kibla toka huku ni mashariki ikishuka kidogo kusini.

Zennor kwenyewe ni kijiji cha nyumba chache, mkishuka kwenye basi msikimbilie njia, ingieni kanisani dakika kumi kwa ajili ya mtoto. Ndani kuna kiti cha mbao cha miaka mia tano na zaidi, ubavuni kimechongwa nguva, ameshika kitana na kioo. Hadithi yao ni kwamba palikuwa na kijana anaimba vizuri kwaya, mwanamke mgeni mzuri akawa anakuja kumsikiliza, siku moja wakaondoka wote kuelekea kijito, hawakuonekana tena, mpaka manahodha wakaja kusema wamemuona baharini ana mkia. Kihori walichoingia, Pendour, kiko chini kabisa ya rasi ya Zennor mnapoanzia safari, mtapita juu yake. Wewe wa pwani utacheka, maana kwetu nguva ni mnyama kabisa, wavuvi wa Lamu wanamjua, wala hana kitana.

Toka hapo mnaikamata njia bahari ikiwa mkono wa kushoto, na masaa mawili ya kwanza ndo ya kazi. Msitembee kimya mkihesabu kilomita, gawanyeni kwa rasi: fika pale, kaa, kunywa maji. Mkiwa karibu nusu ya safari mtaona visiwa vidogo vya mawe karibu na ufukwe, vinaitwa Carracks. Hapo kaeni kitako mtoe chapati. Mkitulia mtaona yale "mawe" mengine yanajikuna, ni sili, wanyama wa baharini wanono kama magunia wenye sura ya mbwa, wanaota jua. Msipige kelele wala mluzi, wakishtuka wanajitupa majini na wanajichubua kwenye mawe. Juu mkiona kunguru mwenye mdomo mwekundu na miguu myekundu piga picha, huyo ndo ndege wao wa heshima, alitoweka Cornwall miaka mingi akarudi mwenyewe 2001 na watu walisherehekea. Kunguru! Mombasa mngewapa bure na usafiri juu.

Kwenye vihori msishuke hata kama mtoto analilia mchanga. Bahari ya kaskazini mwa Cornwall inajaa na kupwa mpaka mita 6, kuliko mnavyoona Nyali, na ikianza kujaa ule mchanga uliokuwa uwanja wa mpira unakuwa hamna. Na maji mwezi wa tano ni nyuzi 12, mtu anayejua kuogelea Bamburi akitumbukia humo pumzi inakatika kwanza kabla hajakumbuka mikono. Nyoka yupo wa aina moja mwenye sumu, adder, ana mchoro wa msumeno mgongoni, anaota jua kwenye mawe asubuhi, ukimwacha anakuacha. Kupe ndo wengi. Jioni hotelini kaguaneni nyuma ya magoti na kiunoni, mkimkuta mtoeni na kibano mkivuta taratibu toka karibu na ngozi, wengine wana ugonjwa wa Lyme, na kikitokea kidoadoa chekundu kinachopanuka siku zijazo muoneni daktari hata mkiwa mmesharudi Mombasa, mumwambie mlikuwa Uingereza maana hatakifikiria.

Likitokea la kutokea piga 999 useme "Coastguard", siyo polisi, pwani ni kazi yao, wanatuma watu wa kamba, helikopta au boti, na uokoaji haulipiwi. Boti nyingi ni za RNLI, chama cha hiari cha toka 1824, wengi wao ni watu wa kazi zao wanaoacha sahani mezani wakiitwa. Kabla hamjatoka Bristol tuma neno register kwenda 999 kwa laini ya Uingereza ufuate maelekezo, baadae unaweza kuomba msaada kwa meseji, na meseji inapenya mahali simu inakatika katika. Ila hospitali ni hadithi nyingine, mgeni akifikishwa idara ya dharura matibabu ya pale ni bure, akilazwa bili inaanza kuandikwa na mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama. Kwa hiyo bima ya safari nunua, na usome kama imeandika haiking humo ndani, nyingine zinaifunika na nyingine zinaiita mchezo wa hatari.

Siku yenyewe ikiwa ukungu, au utabiri unasema upepo wa ghafla unafika maili 40 kwa saa, au mvua imepiga usiku kucha, msiende, na msimuonee haya mdogo wako aliyelipia hoteli. Badala yake kuna njia ya ndani kati ya Zennor na St Ives inayopita mashambani, zamani ndo walikuwa wanabebea majeneza kwenda kanisani, inaruka kuta za mawe moja baada ya nyingine, fupi kidogo na haina ukingo hata mmoja. Ina ng'ombe, hasa wenye ndama, pitieni mbali nao. Kuna shamba huko kuta zake zilijengwa kabla ya Kristo na mkulima bado anazitumia, kwangu mimi hiyo njia peke yake inatosha siku. Au mnatoka St Ives mnaenda mpaka rasi ya Clodgy mnarudi, saa moja na nusu, mmeona majabali, mtoto ameshiba upepo.

Na ikiwa njema mkamaliza, mkashuka Porthmeor miguu inauma, aiskrimu yako inakusubiri bandarini. Ile ukiwa umeegemea ukuta, mgongo umefichwa, na mtoto umemwambia. Shakwe wa St Ives wanakuja toka nyuma bila sauti na wanachukua na koni yake.